Somo la 41: «Na» na «Ao»

1. Mama anatuma watoto sokoni

Mama mmoja alikuwa akisonga bugali. Akamwita mtoto wake wa kwanza, akamwambia: «Mwanangu, kimbia sokoni, uniletee chumvi na mafuta.» Mtoto akaenda, akarudi na chumvi tu. Mama akauliza: «Na mafuta je?» Mtoto akajibu: «Mama, nimeleta kimoja.» Mama akasema: «Sikukutuma kimoja, nilikutuma vyote viwili. Rudi upesi.»

Kesho yake mama akamtuma mtoto wa pili: «Uniletee ndagala ao maharagwe.» Mtoto akakuta ndagala zimekwisha. Hakukaa kungoja. Alinunua maharagwe, akarudi nyumbani mbio. Mama akafurahi, akampa mtoto huyo kipande cha muwa.

Watoto hao wawili walitumwa na mama mmoja, kwenye soko moja. Mmoja alikosa, mwenziwe akafanya vema. Neno lililowatenganisha lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama: «na» kwa mmoja, «ao» kwa mwingine. Ni vema kulijua neno hilo sawasawa, maana siku hizi hata mashine zinatumwa kwa maneno hayo mawili.

2. Kweli na uongo

Chukueni jambo moja: «Mvua inanyesha.» Kila mtu aweza kutazama nje na kusema: ni kweli, ao ni uongo. Hapa neno «uongo» si neno la dhambi. Maana yake tu ni: jambo hilo silo.

Sasa ungeni mambo mawili kwa neno NA: «Chumvi ipo NA mafuta yapo.» Tazameni njia zote nne:

Chumvi ipo, mafuta yapo: kweli.
Chumvi ipo, mafuta hayapo: uongo.
Chumvi haipo, mafuta yapo: uongo.
Chumvi haipo, mafuta hayapo: uongo.

Katika njia nne, moja tu ni kweli.

Ungeni tena mambo mawili kwa neno AO: «Ndagala zipo AO maharagwe yapo.»

Ndagala zipo, maharagwe yapo: kweli.
Ndagala zipo, maharagwe hayapo: kweli.
Ndagala hazipo, maharagwe yapo: kweli.
Ndagala hazipo, maharagwe hayapo: uongo.

Hapa tatu ni kweli, na moja tu ni uongo.

Kwa hiyo shikeni hivi: NA ni kapita mkali. Hataki kazi ianze mpaka wafanyakazi wote wamefika. AO ni kapita mpole. Akifika mmoja tu, kazi inaanza.

Fikirini pia njia ya kwenda shuleni. Kama njia inavuka mito miwili, mmoja nyuma ya mwingine, mtoto anafika ikiwa daraja la kwanza ni zima NA daraja la pili ni zima. Likivunjika moja, harudi ila nyumbani. Lakini kama mto ni mmoja, nao una madaraja mawili, moja juu na moja chini, mtoto anafika ikiwa daraja la juu ni zima AO daraja la chini ni zima. Ili azuiwe, yote mawili lazima yavunjike.

3. «Ao» ya kinywa na «ao» ya mashine

Mgeni anapofika nyumbani, anaulizwa: «Utakunywa chai ao kahawa?» Mgeni mwenye adabu hataki vikombe viwili. Atachagua kimoja. Hiyo ndiyo «ao» ya kuchagua.

AO ya mashine si hivyo. Kwa mashine, mambo yote mawili yakiwa kweli, jibu ni kweli vilevile. Mama aliyesema «ndagala ao maharagwe» hakasiriki akiletewa vyote viwili. AO ya mashine inafanana na AO ya mama huyo, haifanani na ile ya vikombe.

4. Mtumishi asiyejua kukisia

Kompyuta ni mashine yenye kuhesabu upesi sana. Lakini haina akili ya kukisia. Mtoto akitumwa vibaya, anaweza kuuliza: «Mama, ulitaka kusema nini?» Kompyuta haiulizi. Inafanya neno kwa neno kama ilivyoandikiwa, hata kama aliyeandika alikosa.

Maagizo yanayoandikiwa kompyuta yanaitwa programu. Na katika programu nyingi mna maneno ya namna hii: «Kama jambo hili ni kweli, fanya hivi.» Mara nyingi jambo moja halitoshi. Ndipo mwandishi wa programu anaunga mambo mawili kwa NA ao kwa AO. Akikosea neno, mashine haimwonyi. Habari inayofuata inaonyesha hayo.

5. Kengele iliyonyamaza

Juu ya kilima kimoja palikuwa na dispensari. Ndani yake mlikuwa na frigo ya kuwekea chanjo za watoto. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa katika joto lisilopungua digri 2, wala kupita digri 8. Joto likizidi, chanjo zinapoteza nguvu. Baridi ya barafu nayo ni adui: chanjo ya pepopunda ikiganda, inaharibika. Na mtu hawezi kujua siku zote kwa kutazama chupa kwa macho. Chupa inaweza kuonekana nzima, kumbe dawa yake ni bure.

Frigo ile ilitumia nguvu ya jua. Kijana mmoja, fundi, alileta kompyuta ndogo kama kiberiti. Akaitia kipima-joto na kengele. Akaandika programu hii:

Kama joto ni chini ya 2 NA joto ni juu ya 8, piga kengele.

Mwuguzi alifurahi sana. Akasema: «Sasa nitalala. Kengele itanilindia chanjo.»

Miezi miwili ikapita, kengele haikulia hata mara moja. Watu wakasema: «Frigo hii ni nzuri sana.»

Ndipo yakaja mawingu mazito. Siku tatu jua halikuonekana. Usiku wa tatu nguvu ikapungua, na joto ndani ya frigo likapanda: 8, kisha 9, kisha 11. Kengele ilikuwa pale, na waya zake zilikuwa nzima. Haikulia.

Asubuhi ilikuwa siku ya chanjo. Mwuguzi akafungua frigo, akatazama kipima-joto cha pili, kile cha kusomwa kwa macho. Akaona 11. Moyo wake ukashtuka. Nje, akina mama walikuwa wamekwisha kuketi kwenye barza na watoto wao migongoni. Mmoja alikuwa ameondoka kwake kabla ya jogoo kuwika, akavuka mto kwa mtumbwi.

Mwuguzi hakuthubutu kuwapa watoto dawa asiyoiamini. Alizitenga chupa zote, akaziandikia: «Zisitumiwe», akapeleka habari kwa wakubwa wake mjini. Kisha akatoka nje, akawaambia akina mama: «Mnisamehe, mama zangu. Leo hakuna chanjo. Rudini juma lijalo.» Yule mama wa mtumbwi hakujibu neno. Akamfunga mtoto wake vizuri kwa kitambaa, akashika njia ya mtoni.

Fundi akaitwa. Akapima waya, akapima kengele. Vyote vilikuwa vizima. Akasema: «Mama, mashine haina ubovu. Sijui imekuwaje.»

Mwuguzi alikuwa na binti, mwanafunzi wa mwaka wa tano. Binti akasema: «Kaka, unisomee maneno uliyoiandikia mashine.» Fundi akasoma. Binti akachukua ubao wake wa kuandikia na chaki, akaandika hivi:

Joto 1. Chini ya 2? Kweli. Juu ya 8? Uongo. Kweli NA uongo: uongo.
Joto 5. Chini ya 2? Uongo. Juu ya 8? Uongo. Uongo NA uongo: uongo.
Joto 11. Chini ya 2? Uongo. Juu ya 8? Kweli. Uongo NA kweli: uongo.

Kisha akauliza: «Kaka, ni joto gani lililo chini ya 2 na juu ya 8 kwa saa ileile?»

Fundi akanyamaza. Akatazama ubao. Akasema: «Hakuna.»

«Basi,» akasema binti, «kengele yako haitalia hata siku moja.»

Fundi akafuta neno moja, akaandika jingine:

Kama joto ni chini ya 2 AO joto ni juu ya 8, piga kengele.

Lakini safari hii hakuondoka mara moja. Alitia kipima-joto katika maji ya barafu: kengele ikalia. Akakitia kiganjani mwake, akakikaza: kengele ikalia. Akakirudisha katika frigo yenye digri 5: kengele ikanyamaza. Ndipo akasema: «Sasa naamini.» Juma lililofuata chanjo mpya zikaja, na akina mama wakapanda kilima tena. Yule wa mtumbwi naye alikuwamo, wa kwanza kwenye mstari.

6. Kwa nini fundi alikosa?

Fundi hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alikosa kwa sababu aliandika kama kinywa kinavyosema. Mwuguzi alikuwa amemwambia: «Kengele ilie wakati wa baridi kali na wakati wa joto kali.» Maneno hayo ni mazuri kwa watu. Kila mtu anayaelewa: ilie wakati huu, na tena ilie wakati ule. Lakini kwa mashine, NA maana yake ni «vyote kwa pamoja, kwa saa ileile».

Ni vilevile mtu akisema: «Wazee na wagonjwa wapite mbele.» Hakusudii kwamba apite tu mzee ambaye pia ni mgonjwa. Anakusudia kila aliye mzee, pamoja na kila aliye mgonjwa. Kwa mashine lazima kuandika: kama mtu ni mzee AO ni mgonjwa, apite mbele.

Kwa hiyo, mtu akisikia «na» ya kinywa, ajiulize kwanza: je, mambo haya yanatakiwa kwa pamoja, ao linatosha mojawapo? Akiisha kujibu, ndipo aandike.

7. Neno SI linageuza

Kuna neno la tatu, nalo ni SI. SI inageuza kweli kuwa uongo, na uongo kuwa kweli.

Kengele inalia ikiwa joto ni chini ya 2 AO juu ya 8. Je, chanjo ziko salama lini? Ni wakati joto SI chini ya 2, NA SI juu ya 8. Tazameni vema: hatari iliungwa kwa AO, lakini usalama umeungwa kwa NA. SI ilipoingia, kila jambo liligeuka, na neno la kuunga likageuka pia. Adui wawili wanaweza kuingia kwa mlango wowote. Ili nyumba iwe salama, milango yote lazima ifungwe.

Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Augustus De Morgan, mwalimu wa hesabu huko London, aliyekufa mwaka wa 1871.

8. Mabano

Katika hesabu, 2 + 3 × 4 ni 14, si 20, kwa sababu kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Mtu akitaka 20, anaandika (2 + 3) × 4. Katika lugha nyingi za kompyuta, NA inatangulia AO namna ileile.

Tazameni agizo hili: Kama mtu ni mzee AO ana homa NA ana karatasi, apite mbele.

Mashine inaunga kwanza «ana homa NA ana karatasi». Kwa hiyo mzee asiye na karatasi anapita, lakini mwenye homa asiye na karatasi anazuiwa. Kama mwandishi alitaka karatasi kwa wote, aandike: Kama (mtu ni mzee AO ana homa) NA ana karatasi, apite mbele. Mabano yanaondoa shaka. Wino wake ni mdogo, faida yake ni kubwa.

9. Mashine inaacha kuuliza

Mlinzi wa mlango ameambiwa: «Aingie mwenye karatasi na mwenye sare.» Mtoto akija bila karatasi, mlinzi hana haja ya kutazama sare yake. Jibu limekwisha kujulikana.

Lugha nyingi za kompyuta zinafanya hivyo. Katika NA, jambo la kwanza likiwa uongo, mashine haitazami la pili. Katika AO, jambo la kwanza likiwa kweli, haitazami la pili. Kwa hiyo lipi litangulie ni jambo kubwa.

Mama ana mandazi 12 ya kugawia watoto. Programu inaandika: Kama idadi ya watoto si 0 NA 12 kwa idadi ya watoto ni zaidi ya 3, mandazi yanatosha. Watoto wakiwa 3, kila mmoja anapata 4, basi ni kweli. Kama hakuna mtoto hata mmoja, jambo la kwanza ni uongo. Mashine inaishia hapo. Lakini mwandishi akitanguliza kugawanya, mashine itajaribu kugawanya 12 kwa 0. Jambo hilo haliwezekani, na katika lugha nyingi programu itasimama kwa kosa.

10. Mwana wa mshona viatu

Hesabu ya kweli na uongo ilianzishwa na George Boole. Alizaliwa mwaka wa 1815 mjini Lincoln, katika Uingereza. Baba yake alikuwa mshona viatu, hakuwa na feza ya kumsomesha mwanawe shule kubwa. Boole alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Alipokuwa na miaka 16 alianza kufundisha watoto, ili asaidie wazazi wake. Hakupata cheti cha chuo kikuu. Hata hivyo mwaka wa 1849 aliitwa kufundisha hesabu katika chuo cha Cork, nchini Ireland.

Mwaka wa 1854 Boole alitoa kitabu juu ya sheria za fikira. Katika hesabu yake kulikuwa na namba mbili za maana: 1 na 0. Kwa mfano, 1 iwe kweli na 0 iwe uongo. Basi NA inafanana na kuzidisha: 1 × 1 ni 1, lakini 1 × 0 ni 0, na 0 × 0 ni 0. Mwaka wa 1864 alitembea katika mvua kwenda kufundisha, akafundisha na nguo zilizolowa. Akaugua, akafa, akiwa na miaka 49. Hakuona kompyuta.

Miaka mingi ikapita. Mwaka wa 1937 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Claude Shannon, mwenye miaka 21, alionyesha kwamba hesabu ya Boole yaweza kufanywa kwa umeme. Tieni vifungo viwili juu ya waya mmoja, kimoja nyuma ya kingine: taa inawaka tu kama vyote viwili vimefungwa. Hiyo ni NA. Tieni vifungo viwili juu ya waya mbili zinazokwenda sambamba: taa inawaka kama kimoja tu kimefungwa. Hiyo ni AO. Ni kama madaraja yale ya njia ya shule. Kompyuta za leo zina vifungo vya namna hiyo, vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kwa mamilioni na mamilioni.

Katika lugha ya Python, NA inaandikwa «and», na AO inaandikwa «or». Katika lugha ya C, NA ni && na AO ni ||. Alama ni mbalimbali, kanuni ni moja.

Maneno ya kushika

NA ni kweli ikiwa yote ni kweli.
AO ni kweli ikiwa hata moja ni kweli.
SI inageuza.
Palipo na shaka, tia mabano.
Programu isiyojaribiwa haijaaminika.

Maulizo

1. Mtoto wa kwanza alikosa nini sokoni?
2. Kati ya njia nne za AO, ni ngapi zilizo uongo?
3. Kwa nini kengele ya dispensari haikulia joto lilipokuwa 11?
4. Joto likiwa 8 kamili, kengele mpya italia? Eleza sababu.
5. Kwa nini mwuguzi aliwarudisha akina mama, ingawa walikuwa wamechoka?
6. Watu walisema: «Frigo hii ni nzuri sana», maana kengele haikulia kwa miezi miwili. Kosa lao lilikuwa nini?

Zoezi

a) Mwalimu anasema: «Watoto wa mwaka wa nne na wa mwaka wa tano waende shambani.» Andika agizo hilo kwa mashine. Utatia NA ao AO?
b) Mtu atavuka mto ikiwa ana mtumbwi NA ana kasia. Andika, kwa kutumia SI, ni wakati gani hatavuka.
c) Chora njia yenye mito miwili, na mto wa pili una madaraja mawili. Kisha andika agizo lake kwa NA, AO na mabano.